Uvimbe wa Taya: "Si Saratani" Si Sawa na "Usirudi Tena"

Katika miezi ya karibuni wasomaji watatu wa kijarida hiki wametuuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno yake. Mtoto, ndugu au mzazi ametokewa na uvimbe kwenye taya, amekwenda hospitali, amepigwa picha, pengine amekatwa kinyama kidogo kikapimwa, na jibu limekuja kwamba si saratani. Je, yamekwisha? Swali hilo ni la haki. Jibu lake la mkato ni kwamba aghalabu yamekwisha, lakini si kila mara, na tofauti baina ya hali hizo mbili yafaa ijulikane nyumbani kabla ya kujulikana hospitali. Sisi si matabibu. Tulishika chaki miaka mingi, na tulilolifanya hapa ni lile alilozoea mwalimu: kusoma yaliyoandikwa na wanaojua, kisha kuyaeleza kwa lugha ya nyumbani.

Tuanze na lugha, maana huko ndiko matatizo mengi yanakoanzia. Neno alitumialo daktari wa Kiingereza kwa uvimbe wa namna hii lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni "mwema" au "mpole". Wakalimani wetu hulifasiri kwa njia tatu. Wengine husema "uvimbe usio wa saratani", nao wamesema sawasawa. Wengine husema "uvimbe usio na madhara", na hapo pana walakini, kwa sababu mfupa unaonenepa polepole waweza kusukuma jicho, kuziba pua au kupindisha meno bila ya kuwa saratani hata chembe. Wa tatu, kwa huruma ya kumtuliza mgonjwa, husema "hamna kitu". Hili la mwisho ni kosa kubwa. Daktari akisema uvimbe ni mpole ana maana kwamba chembe zake haziivamii nyama ya jirani wala hazisafiri kwenda mapafuni. Hakusema kwamba mfupa huo ni mzima, wala hakusema usitazamwe tena.

Mfano mmojawapo wa kale wa ugonjwa mpole wa mfupa uliogeuka ulitokea hapa hapa London. Sir James Paget alikuwa daktari wa upasuaji wa St Bartholomew's, hospitali ile iliyoko Smithfield ambayo wengi wetu huipita kila siku kwenda kazini. Tarehe 14 Novemba 1876 aliwasomea matabibu wenzake wa Royal Medical and Chirurgical Society habari za maradhi ya mifupa yaliyokuwa hayajapewa jina, na taarifa hiyo ikachapishwa mwaka 1877. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, aliyemwona mara ya kwanza mwaka 1856, mtu wa miaka arubaini na kitu aliyekuwa akilalamikia maumivu ya miguu. Kwa miaka 20 Paget alimfuatilia. Miguu ilipinda, mgongo ukainama, na kichwa kikakua: kofia aliyoivaa mwaka 1844 ilikuwa na mzingo wa inchi 22 na nusu, na ile ya mwaka 1876 ilikuwa inchi 27 na robo. Pamoja na hayo yote afya yake kwa jumla ilikuwa njema. Mtu angeweza kusema ni mifupa tu, amezoeana nayo. Kisha, Januari 1876, yakaanza maumivu mapya mkononi, ukazuka uvimbe kwenye kigasha uliokua kwa kasi, na kabla ya Machi kwisha bwana yule alikwisha kufariki. Uvimbe ule ulikuwa saratani ya mfupa, iliyozaliwa ndani ya mfupa uliokuwa mgonjwa kwa upole miaka yote hiyo.

Twapenda kuwakumbusha wasomaji kwamba eksirei haikuvumbuliwa hadi mwaka 1895. Paget hakuwa na kitu ila macho yake, mikono yake, utepe wa kupimia na subira ya kumwona mtu yule yule kwa miongo miwili. Ndiyo maana alitambua badiliko lilipokuja.

Ugonjwa huo leo huitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Paget. Hupata zaidi watu wenye asili ya Uingereza waliopita umri wa makamo, na kwa watu wa asili ya Afrika Mashariki ni nadra; hata hapa Uingereza umepungua katika miongo ya karibuni. Wanaogeukiwa na saratani hawafiki mmoja kati ya 100. Hata hivyo tumeona tuutaje, kwa kuwa dada zetu wengi mjini hapa wanafanya kazi ya kuwatunza wazee wa Kiingereza. Ukimfikia taya mzee, hushika taya la juu mara nyingi kuliko la chini, na ishara ya kwanza huwa ni meno ya bandia yasiyokaa tena mahali pake. Mzee akilalamika kwamba meno yake "yamepungua", huenda si meno yaliyopungua bali taya lililoongezeka. Mwenye kumhudumia asubuhi na jioni ndiye atakayeliona hilo kwanza, naye afanye hima kulisema.

Kwa watoto na vijana wetu ugonjwa wenyewe ni mwingine. Madaktari huuita displasia ya nyuzi. Katika ugonjwa huu sehemu ya mfupa hushindwa kukomaa; mahali pa mfupa mgumu panashikwa na nyama ya nyuzinyuzi iliyochanganyika na vijipande vya mfupa mchanga, na kwenye picha huonekana ukungu mithili ya kioo kilichosagwa. Unaweza kuwa katika mfupa mmoja au katika mingi. Usoni hupenda taya la juu, upande mmoja, na kwa kawaida hauumi. Shavu hujaa taratibu tangu utotoni au wakati wa kubalehe, kiasi kwamba walio nyumbani hawaoni, na anayeona ni shangazi aliyekuja kutoka Mombasa au Dar es Salaam baada ya miaka mitatu. Mwili ukiisha kukua, mara nyingi uvimbe nao hupoa ukatulia.

Chanzo chake kinajulikana, nasi twaomba jambo hili lisomwe kwa sauti katika nyumba zenye mgonjwa. Ni badiliko katika jini moja, liitwalo GNAS, linalotokea katika chembe moja ya mtoto baada ya mimba kutungwa. Halikutoka kwa mama wala kwa baba. Mgonjwa hatamrithisha mwanawe. Halikuletwa na chakula, wala pigo, wala jicho la husuda, wala deni la mizimu, wala si la kuambukiza. Tumeshuhudia ndoa zikitikisika kwa sababu ya shavu la mtoto, mama akiulizwa kwao kuna nini. Kwao hakuna kitu. Wale wenye umri wetu watakumbuka jinsi miaka ile Tanzania ilivyovuma habari ya "meno ya nailoni", watoto wachanga wakichokonolewa fizi na kung'olewa vijino visivyokuwa na hatia ili wapone homa na kuhara. Wako waliopoteza damu, wako waliopoteza maisha. Taya la mtoto si mahali pa kujaribia.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Displasia ya nyuzi yaweza kugeuka saratani? Yaweza. Madaktari wa Marekani, Coley na Stewart, waliandika habari za kugeuka huko mwaka 1945. Mwaka 1994 hospitali ya Mayo Clinic, nchini humo humo, ilichapisha hesabu ya kumbukumbu zake: kati ya wagonjwa 1,122 walipatikana 28 ambao mfupa wao uligeuka, wengi wao kwa saratani iitwayo osteosakoma, na mifupa ya uso na kichwa ilikuwa miongoni mwa mahali palipoguswa zaidi. Msomaji asishtuke akapiga hesabu ya haraka. Hospitali kama ile hupokea wagonjwa waliokwisha kushindikana kwingineko, kwa hiyo idadi yake huwa kubwa kuliko ya watu wote. Makadirio ya kawaida ni chini ya mmoja kati ya 100. Wale wenye ugonjwa katika mifupa mingi, pamoja na mabaka ya rangi ya kahawa mwilini na balehe ya mapema mno, hatari yao ni kubwa zaidi. Mabaka hayo kwenye ngozi yetu nyeusi hayaonekani upesi. Mzazi aliyewahi kuyaona amwambie daktari bila kungoja kuulizwa.

Lakini katika hesabu ile ya mwaka 1994 mna jambo jingine, nalo ndilo lililotugusa. Kati ya wagonjwa 28, 13 walikuwa wamewahi kutibiwa kwa mionzi. Hapo zamani matabibu waliona mfupa unaovimba, wakafikiri kwamba mionzi iunguzayo saratani itaupunguza na huu. Walikuwa na nia njema. Miaka mingi baadaye, mahali pale pale palipopigwa mionzi pakazuka saratani. Kwa sababu hiyo displasia ya nyuzi haitibiwi tena kwa mionzi. Iwapo mgonjwa wenu alipata matibabu ya aina hiyo utotoni, katika nchi yoyote, habari hiyo ni muhimu kupita barua zote mlizonazo, na daktari wa hapa hana njia ya kuijua ila kwa vinywa vyenu. (Picha za kawaida za eksirei na za meno ni kitu kingine kabisa, mionzi yake ni kidogo sana na haipasi kukataliwa kwa hofu hii.)

Kwa akina mama wa makamo tuna neno la pembeni. Iko hali nyingine ya mfupa wa taya inayowapata zaidi wanawake weusi wenye umri wa miaka 30 kwenda juu. Madonge ya mfupa mgumu hujijenga kuzunguka mizizi ya meno ya taya la chini, bila maumivu, na hugunduliwa kwa bahati daktari wa meno anapopiga picha kwa sababu nyingine. Kugeuka kwake ni kwa nadra mno na hauhitaji dawa. Hatari yake iko kwingine: mfupa ule una damu haba, na ukikatwa au jino liking'olewa pasipo sababu, usaha waweza kuingia na kukaa humo muda mrefu. Basi daktari wa meno akikuambia, "Tumeona kitu lakini hatutakigusa," si kwamba amekudharau kwa kuwa u mgeni. Amefanya lipasalo. Muulize tu jina la hali hiyo na uliandike.

Upo pia uvimbe wa taya ambao tangu mwanzo ni saratani, na Afrika Mashariki inaujua vizuri. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt amwone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt akaanza kuwatafuta wengine, akaandika mwaka 1958, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya maelfu ya maili kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiwa na wenzake wawili, kuuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Mwezi Machi mwaka huo huo alihutubia katika hospitali ya Middlesex hapa London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyeomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege. Kutokana na vipande hivyo vya Kampala, Epstein na wenzake Achong na Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi ambacho hadi leo kinaitwa kwa majina ya wawili kati yao. Saratani ya Burkitt hukua kwa siku na majuma. Displasia ya nyuzi hukua kwa miaka. Yule wa siku na majuma apelekwe hospitali leo, si baada ya sikukuu. Akiwahi, tiba yake ya dawa za sindano huweza kuponya.

Kasi, basi, ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mfupa uliotulia miaka mitano ukianza kuota tena kwa kipindi cha wiki au miezi michache, hasa kwa mtu mzima aliyekwisha kukua, si jambo la kungojea miadi ya mwaka ujao. Maumivu yanayozuka pasipokuwa na maumivu awali, na yanayomwamsha mtu usiku, ni ishara. Ganzi ya mdomo wa chini au ya kidevu ni ishara nzito zaidi, ingawa watu huipuuza kwa kuwa haiumi: ina maana kwamba mshipa wa fahamu upitao ndani ya taya umebanwa au umeingiliwa. Meno yaliyokuwa imara yakalegea bila ugonjwa wa fizi. Kutokwa damu kinywani au puani upande mmoja. Jicho kusukumwa mbele au uoni kufifia. Nyama ya fizi juu ya uvimbe kuchubuka isipone. Kwa hapa England kanuni iliyopo ni kwamba kidonda chochote cha kinywani kisichoelezeka, kikidumu zaidi ya wiki 3, kipelekwe kuchunguzwa kwa njia ya haraka ya saratani. Mengi ya haya huwa ni jipu la jino au ubishi wa gego la mwisho. Lakini anayepaswa kusema hivyo ni aliyetazama picha, si jirani wala sisi.

Na ikithibitika imegeuka? Hatutaficha: ni ugonjwa mzito. Matibabu yake hasa ni upasuaji wa kuondoa sehemu yote pamoja na ukingo wa nyama nzima kuizunguka, na mara nyingi dawa kali za kuua chembe za saratani. Saratani za mifupa katika England hushughulikiwa na vituo vichache maalumu. Kwa watu wa London kilicho karibu ni Royal National Orthopaedic Hospital ya Stanmore, kinachoshirikiana na University College Hospital. Wenye kuhofia kwamba mtu atabaki bila taya wajue kwamba tangu mwaka 1989 madaktari wa upasuaji wamekuwa wakijenga taya la chini kwa mfupa mwembamba wa mguuni, ule wa nje, ambao mtu aweza kutembea bila ya huo. Huuchukua pamoja na mishipa yake ya damu, wakaukata na kuukunja kwa umbo la kidevu, wakaunga mishipa shingoni. Wapo watu wanaotafuna chapati kwa mfupa wa mguu.

Methali yetu humlaumu mficha maradhi. Kwa haya tuliyoyasikia, hakuna aliyeficha. Watu walikwenda, wakaambiwa si saratani, wakashukuru, wakaondoka, kisha wakahama. Kutoka Newham wakaenda Barking, kutoka Barking wakapelekwa nje ya mji na ofisi ya nyumba. Barua ya miadi ikafika kwenye anwani ya zamani, hospitali ikaona mgonjwa hakutokea, ikalifunga faili na kumrudishia daktari wa familia ambaye naye si wao tena. Hivyo ndivyo mtoto wa kutazamwa kila mwaka anavyokuwa mtu mzima asiyetazamwa na yeyote. Kila mnapohama, pigeni simu katika idara yenyewe ya hospitali mtoe anwani mpya. Kumwambia daktari wa familia peke yake hakutoshi.

Kuhusu fedha na karatasi, maana tunajua ndilo linalowazuia baadhi yenu. Kujiandikisha kwa daktari wa familia na kumwona ni bure kwa kila akaaye England, wala sheria haimtaki mtu aonyeshe kibali cha ukaazi au uthibitisho wa anwani. Mtu wa mapokezi akidai hivyo, mwambieni kwa adabu kwamba kanuni za NHS hazisemi hivyo. Hospitali zaweza kuwatoza baadhi ya wageni, lakini waliopewa ukimbizi, na wale ambao maombi yao ya hifadhi yangali yakiamuliwa, hawatozwi, na matibabu ya dharura hayazuiwi kwa kukosa fedha. Kwa daktari wa meno wa NHS watu wazima hulipa, ila walio chini ya miaka 18, wajawazito na waliojifungua katika miezi 12 iliyopita hawalipi. Wenye kipato kidogo waombe msaada kwa fomu ya HC1. Mkalimani ni bure, naye aombwe siku ya kupanga miadi. Msimfanye mtoto wa miaka kumi kuwa mkalimani wa taya la mama yake. Mkiwa na mkalimani, mwombeni atafsiri maswali haya matatu kama yalivyo: ugonjwa huu unaitwaje, utatazamwa tena lini na nani, na nikiona badiliko, nipige simu wapi.

Wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge, za sindano au za mshipa, wamwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Tangu mwaka 2003 imejulikana kwamba baadhi ya dawa hizo huweza kuufanya mfupa wa taya ushindwe kupona baada ya jino kutoka.

Jambo la mwisho ni picha. Kama mlipimwa Muhimbili, Mnazi Mmoja, Kenyatta au Mulago, zileteni filamu na majibu, hata kama karatasi imechakaa na imeandikwa kwa mkono. Na pamoja nazo leteni picha za kawaida. Familia za wahamiaji zina hazina ambayo wenyeji hawana: picha za pasipoti, za viza, za vitambulisho, kila baada ya miaka michache, uso mtupu umetazama mbele, bila kofia wala tabasamu. Zipangeni kwa miaka, andikeni tarehe nyuma kwa penseli, mzitie katika bahasha moja. Daktari akiziona nne mezani kwa safu atajua kwa dakika moja kama shavu lile limekuwa likienda mwendo wake wa zamani au limebadili mwendo.